Kuku Aliyekuwa Mzito Mkononi Mwangu

Nakundwa mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi huku ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Lakini wewe huko mbali bado hujafika. Umevuka bonde tu kwenda kumuaga bibi yako, na kutoka hapa mezani nasikia mbwa wa jirani wakikubwekea. Hali yako naijua: mafua kidogo, na roho iko juu kwa sababu ya safari. Ya kwangu ndiyo usiyoijua, na ndiyo nimekaa kuiandika alasiri hii, kwenye karatasi nilizochana katikati ya daftari lako la kidato cha pili. Usinune, hutalihitaji tena.

Kesho asubuhi basi litakuteremsha Same, na kutoka Same utaendelea hadi chuoni ukasomee mifugo. Sitaandika habari za sabuni wala blanketi wala wavulana. Hayo shangazi yako ameshayasema mara tatu, na ya nne atayasema kesho ukiwa umeshaweka mguu ndani ya basi. Mimi nina jambo moja tu. Ulipokuwa na miaka kumi na mmoja nilikukosea mbele za watu, na mpaka leo sijakuomba radhi. Miaka minane tumekula chungu kimoja na jambo hilo limekaa katikati yetu. Kwetu mzazi hamwombi mtoto msamaha. Anamchinjia kuku, wanakula, yanaisha. Lakini kwa kosa hili kuku ndiye hafai kabisa kuletwa, kwa hiyo imebidi nishike kalamu. Naogopa ukiondoka kesho bila kulisikia kutoka kwangu, utakuwa umeondoka moja kwa moja.

Nianze na mkono wangu wa kulia, maana ndio chanzo. Unajua walivyokuwa wakiniita gulioni kule chini: Mama Mizani. Nilikuwa naweza kumshika kuku miguu, nikamning'iniza kichwa chini, nikampandisha na kumshusha mara mbili, nikasema kilo zake. Wachuuzi walikuwa wanabishana, wanampeleka kwenye mizani ya mwuza nyama, wanarudi kimya. Mwanangu, nililipenda jina lile. Sikusoma, sina shamba kubwa, sauti ya kuimbia kwaya sina. Nilikuwa na mkono. Mtu akikusifia kitu kimoja tu maishani, utakilinda hata kwa ubaya.

Sasa yule kuku mwekundu. Alikuwa chotara wetu wa kwanza wa mayai, aliyekuja kifaranga ndani ya boksi la sabuni, akakua, akataga karibu kila siku mwaka mzima. Kazi ya kufungua banda asubuhi ilikuwa yako. Ulikuwa ukishafungua huondoki. Unageuza debe, unakalia, unaweka kidevu juu ya magoti, unawatazama tu wakitoka mmoja mmoja. Nilikuwa nakupigia kelele kutoka jikoni kwamba kuku si televisheni. Leo najua ulikuwa unafanya nini pale. Ulikuwa unasoma.

Kuku mwekundu akaacha kutaga. Akawa anaingia kwenye kiota, anakaa, anatoka mikono mitupu. Tumbo likaanza kushuka na kujaa, manyoya ya nyuma yakawa yamelowa na kuchafuka, mwendo ukabadilika. Mimi nikasema anakusanya mafuta. Nikafurahi kabisa, maana wageni wa dada yako Namsifu walikuwa wanakaribia, na kila nikimpima yule kuku mkono unaniambia ameongezeka. Mkono ulisema kweli, alikuwa ameongezeka. Mimi sikuuliza ameongezeka nini.

Siku ile unaikumbuka, lakini ngoja niisimulie kwa mdomo wangu, maana hujawahi kunisikia nikiisimulia. Washenga walikuja watatu kutoka upande wa Gonja, mzee mmoja na vijana wawili waliovaa viatu visivyojua matope yetu. Mama yangu alinifundisha kwamba mgeni wa posa aonyeshwe kuku akiwa hai. Amshike mwenyewe, ajue kwamba hatakula kibudu. Nami nikatoka uani nimemshika kuku mwekundu miguu, kichwa chini, kama kawaida yangu. Alikuwa ameachama mdomo, anahema kwa shida. Nikadhani ni hasira.

"Mzee, shika mwenyewe," nikasema. "Uone kama kwetu tunawapa watu vibudu."

Mzee akampokea, akampima, akainua nyusi. "Mama, huyu ni mbuzi."

Watu wote wakacheka, na mimi nikaona mahari ya Namsifu imeshatimia. Ndipo wewe ukatoka nyuma ya mlango, ukampigia mzee goti vizuri kabisa. "Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Huyo hajanona, babu. Anaumwa. Kifua chake kikali kama kisu, uzito wote uko tumboni. Na tumbo lina maji."

Hukusema kwa kiburi. Ulisema kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba kamba ya kiatu imefunguka. Mimi nikakukata jicho, nikasema watoto wa siku hizi mradi waseme, nikampokonya mzee yule kuku nikaingia naye jikoni. Njiani kidole changu kikapita kifuani kwake. Hili sijawahi kumwambia mtu. Kidole kilipita juu ya mfupa wa kifua na mfupa ulikuwa umechongoka, hauna nyama kulia wala kushoto. Nilijua hapo hapo kwamba umesema kweli. Nikamchinja.

Nilipompasua maji yalitoka, Nakundwa. Maji rangi ya chai iliyokolea kidogo, mengi, yakalowesha sakafu na miguu yangu, na ndani yake mabonge ya njano kama kiini cha yai lililochemshwa. Shangazi yako alikuwepo na mwiko mkononi. Alikuwepo pia jirani yetu wa chini, Mama Elisante, aliyekuja kusaidia kupika. Wote wakarudi nyuma. Shangazi yako akasema polepole, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mtoto kasema maji, na maji yamekuja. Mtoto huyu ana mdomo."

Wakanitazama mimi. Wewe ulikuwa mlangoni, umepakata vitunguu kwenye gauni lako la kanisani.

Ningeweza kusema maneno matatu tu: mkono wangu umekosea. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nikamwona yule mzee nje akisubiri supu, nikaliona jina langu la gulioni, nikasema, "Ndiyo. Ana mdomo. Hata hapa nyumbani tumeshamwona." Tulikuwa hatujaona kitu. Nilikusingizia, mwanangu wa kumzaa, kwamba kinywa chako kinaharibu vilivyo hai. Nilifanya hivyo ili watu waendelee kuamini kwamba najua kupima kuku.

Ukaviweka vitunguu chini kimoja kimoja, ukaondoka. Hukulia. Afadhali ungelia.

Na unajua kichekesho kilichofuata? Tuliwapa wageni makande. Mzee akala sahani mbili, akasema supu ya kuku atainywa siku ya harusi, akacheka na safari yake ikaendelea. Namsifu aliolewa, sasa ana watoto wawili. Hakuna kilichoharibika kati ya vyote nilivyoviogopa. Kilichoharibika ni kile nisichokiogopea.

Haikupita wiki, nikaona Mama Elisante akifunika vifaranga vyake kwa tenga ulipokuwa unapita kwenda shule. Halafu mwingine, halafu mwingine. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anapita njiani na sare yake, na wanawake wazima wanakimbiza kuku ndani. Ukaanza kuzunguka njia ya juu, ile ya ndiva, ambako hakuna nyumba, ukawa unafika shule umelowa umande mpaka magotini. Nikajiambia unapenda kuyatazama maji yakijaa mle bwawani. Mtu mzima akitaka kujidanganya hakosi sababu. Na kwa upande wa kuku ukanyamaza. Ulifungua banda, ukakusanya mayai, ukafagia, lakini debe hukuligeuza tena. Mimi nikasema, afadhali, ametulia.

Miaka minne nikakaa hivyo. Najua kwamba ulikuwa unaona, maana macho hayafungwi kwa amri ya mama. Kuku watatu walikufa katika miaka ile, na kila mmoja wewe ulishamwona kabla, na hukusema, kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha kwamba ukisema utaambiwa umesababisha. Huko uendako, mwanangu, kazi yako yote itakuwa ni kuona na kusema. Nilipofikiria hilo jana usingizi ulikata.

Sasa nikusimulie la Kitenge, kwa upande wangu. Kitenge alikuwa kuku wako mwenyewe, yule wa madoadoa uliyepewa na bibi yako. Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Jumamosi moja nikakuona unatoka kwa mlango wa nyuma, umejifunga khanga yangu ya pili, na kitu umekikumbatia ndani yake. Nikasema haya, ndiyo ameshaanza. Mtoto kachukua kitu cha nyumbani anampelekea kijana. Nikachuma fimbo ya mfori nikakufuata. Mwendo wote ule wa kushuka na kupanda, nimejificha nyuma ya migomba kama mwizi, na umri wangu huu. Ukapita kanisani, ukapita dukani, ukaingia kwenye kile chumba cha bwana mifugo nyuma ya ofisi ya kata. Nikasema Mungu wangu, na bwana mifugo ana wajukuu.

Nikasogea dirishani na fimbo yangu, nikachungulia. Kilichonikuta pale sijui kama nitakiandika vizuri.

Ulikuwa umekaa kwenye benchi na Kitenge mapajani, umemweka wima, miguu yake mkononi mwako, mkono mwingine umepita chini ya tumbo lake kama unavyobeba bakuli la uji wa moto. Hukumning'iniza. Hata siku moja sijakuona ukimning'iniza kuku, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Bwana mifugo akakuuliza, "Umejuaje ni maji na si mafuta?"

Ukamwambia, kwa sauti ile ile ya kawaida niliyokuwa sijaisikia miaka minne. Kwamba amesimama wima mno, mkia umeinama. Kwamba anatembea amepanua miguu. Kwamba upanga wake wa kichwani umepauka, na nchani una wekundu wa kuiva vibaya. Gole, kile kifuko cha shingoni, lina chakula kidogo tu asubuhi na jioni. Kifua kimekonda. "Na tumbo la kuku anayetaga huwa laini, linabonyea," ukasema. "Hili ukiligusa huku, linasukuma kule."

Yule mzee akavua miwani. "Nani amekufundisha?"

"Hakuna," ukasema.

Nakundwa, nilikuwa nimesimama nje na fimbo.

Akapaka dawa ya kuua vijidudu pale chini ya tumbo, akachukua sindano nene, akaiingiza taratibu huku wewe umemshika Kitenge na kumnong'oneza kitu. Maji yakaanza kutoka. Yakajaza bomba moja, akayamwaga kwenye bakuli, la pili, la tatu. Hakuyatoa yote, alisema ukiyatoa yote kwa mara moja kuku anaweza kuzimia na kufa. Nikaliona bakuli. Ndani ya kiumbe kile kidogo, chini ya manyoya yale, mlikuwa na ndiva nzima, na amekuwa akitembea nayo, anachakura, anakimbilia mtama pamoja na wenzake bila kulalamika kwa mtu. Ulipomweka chini akajikung'uta kuanzia kichwani mpaka mkiani. Akatazama chumba. Halafu akadonoa punje moja ya mahindi iliyokuwa karibu na kiatu cha bwana mifugo.

Nilishika dirisha. Nimezaa watoto watatu, nimeona mvua ya mawe ikimaliza shamba la tangawizi kwa saa moja, nimeona vitu. Lakini sijawahi kusisimka mwili kama siku ile. Haikuwa kwa ajili ya sindano. Ilikuwa kwa sababu nilielewa ulichokiona ukiwa na miaka kumi na mmoja, kwa macho matupu, ukiwa umekaa juu ya debe. Uliona ndani ya kuku. Na mimi nilikiita kitu kile uchawi, kwa kuwa sikuwa nacho.

Bwana mifugo akakwambia ukweli pale pale, kwamba maji yatarudi, kwamba kuku kama huyu hupewa nafuu, hapewi kupona. Ukaitikia kwa kichwa. Nilitupa fimbo kwenye migomba nikatangulia nyumbani. Jioni ukanikuta napika, nikakuuliza umetoka wapi, ukasema kwa rafiki. Ungeniambia ukweli kwa sababu gani?

Kitenge aliishi hadi mavuno. Siku alipoacha kabisa kula ulimfuata baba yako, ukamwomba kisu chenye makali, ukafanya mwenyewe nyuma ya banda kwa haraka na bila kelele. Ukamzika, hukuruhusu aliwe. Mimi nikasema chakula kinafukiwa ardhini watu tuna njaa. Hata siku ile, baada ya yote niliyoyaona dirishani, bado mdomo wangu ulisema hivyo. Huyo ndiye mama yako, usije ukamsifia kwa watu huko chuoni.

Lakini Krismasi ile ulinionyesha kitu, na nadhani ulinionyesha kwa makusudi. Tulichinja tetea mzima mwenye afya, uzee tu umemfika ukingoni. Nilikuwa natoa matumbo, nataka kuviweka pembeni vile viini vya ndani tuvitie kwenye mchuzi kama siku zote. Ukasema, "Mama, subiri kidogo. Usivikate."

Ukavishika vyote kwenye kiganja. Nimechinja kuku tangu nikiwa na miaka tisa, mwanangu. Nimevikata vile viini mara mia ngapi sijui, nimewapa watoto wagombanie. Sikuwa nimewahi kuvitazama. Vilikuwa vimeshikana pale karibu na uti wa mgongo, cha kwanza kikubwa kama kiini cha yai la kesho, kinachofuata kidogo kuliko hicho, na kingine kidogo zaidi, mpaka vikawa kama punje za ulezi, mpaka vikawa vidogo hata macho yangu hayavifikii. Siku zake zote zilizobaki zilikuwa pale zimejipanga, kila moja na zamu yake.

Ukanionyesha mrija mwembamba, mdomo wake umefunguka kama ua la boga. "Kiini kikiiva kinaachia," ukasema. "Mrija huu unakidaka. Humo ndani kinavishwa ute, halafu ganda, kesho yake kinatoka."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Gizani?"

"Kwani ndani ya kuku kuna taa, mama?" Ukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza unicheke tangu ile siku ya posa.

Nikakuuliza, kisipodakwa je? Ukasema kinaangukia tumboni. Kimoja mwili unaweza kukinyonya ukakimaliza. Vikikosa mara kwa mara, au uchafu ukapanda kupitia huko nyuma, tumbo linaungua kwa ndani, maji yanakusanyika. "Ndiyo mabonge yale ya njano uliyoyaona jikoni siku ile," ukasema. Ulisema "siku ile" bila kunitazama. Kisha ukasema si kila tumbo lililojaa ni hilo, kuna ini, kuna uvimbe, kuna yai lililokwama, na mtu asiyejua asiseme haraka.

Nilibaki na kisu mkononi. Sikushangaa kwamba kiini kimoja hukosa kudakwa. Nilishangaa vile vinavyodakwa. Kila asubuhi nimekuwa natoa yai lenye joto kwenye majani, nalipangusa kwa khanga, nalitia kwenye trei, nikiwaza tu kuhusu chumvi na mafuta ya taa. Na nyuma ya yai lile kulikuwa na mruko gizani, na kitu kikadaka bila kukosea, siku kwa siku, kwenye banda la mabanzi nyuma ya jiko langu. Nilitaka kupiga magoti, ila sakafu ilikuwa na manyoya.

Ile ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya pili, na wewe ndiye uliyenipa. Kuniwekea mlango wazi zaidi ya hapo usingeweza. Nikasema, "Haya, lete chungu, watoto wana njaa." Mwanangu, si ujinga ulioniponza mara zote mbili. Mara ya kwanza nilijua kidole kilipopita kifuani. Mara ya pili nilijua viini vikiwa kiganjani mwako. Niliona haya tu. Na haya ukiiacha ikalala siku moja, kesho yake imeongezeka uzito, na mkono wangu ni shahidi. Wewe huko utakosea. Utamtazama ng'ombe wa mtu utasema hili kumbe ni lile. Litamke siku hiyo hiyo, ungali unanuka damu, kabla hujanawa.

Mimi nimelitamka leo.

Asubuhi ilipopigwa pembe ya msaragambo kuita kila nyumba ikasafishe ndiva, ulikuwa unafungasha, nikakwambia baki, nitakwenda kwa niaba ya nyumba yetu. Tulikuwa wengi, tumezoa tope ndani ya ndiva mpaka jua likapanda. Tulipokaa kunywa uji nikasimama. Watu wakadhani nataka kulalamikia zamu za maji kama kawaida yangu.

Nikawaambia, "Kesho Nakundwa anakwenda kusomea mifugo. Mnasema ana mdomo. Neno lile nililitoa mimi. Kuku yule alikuwa anaumwa wiki tano kabla mtoto hajafungua kinywa. Mtoto aliona, mimi sikuona. Nilikuwa nimeshajua anasema kweli nilipomchinja. Nikamsingizia mwanangu kulinda jina langu." Nikakaa.

Shangazi yako alikuwa anatazama miguu yake. Mzee mmoja akasema uji unapoa, halafu jembe likaanza kulia tena, na mimi nikachota tope nikiwa sioni vizuri ninachochota. Nilidhani ndiyo basi, nimesema na upepo umechukua.

Lakini wakati wa kurudi nikasikia hatua nyuma yangu. Mama Elisante. Tukatembea pamoja, akaikunja khanga yake, akaikunjua.

"Anaondoka saa ngapi?" akauliza.

"Basi la saa kumi na mbili."

"Nina tetea," akasema. "Wiki ya pili hatagi. Tumbo limeshuka, anatembea kachanua miguu. Nimeogopa hata kumshika." Tukafika kwenye njia panda. "Baada ya yale matenga yangu, atakubali kumgusa?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia hata mimi sijui kama atakubali kunisikiliza.

Amesema atakuja kabla ya mapambazuko. Kwa hiyo kesho ukifungua mlango utamkuta kibarazani na kuku wake ndani ya khanga. Hulazimiki. Una haki ya kupita na sanduku lako bila kumsemesha, na mimi ndiye wa kwanza nitakayekubebea. Lakini ukimpokea kuku yule, mshike unavyojua wewe, umwambie kweli yote kama ulivyomwambia babu wa Gonja.

Na ukimaliza naye, geuka kidogo. Nitakuwa nimesimama nyuma ya Mama Elisante, nami nasubiri zamu yangu.

Mama yako.